Livia kafa tena, mimi nacheka

Jana usiku hapa Kondele stima ilirudi, nikarudia ile sehemu ya The Sopranos, tamthilia ya Marekani ya majambazi wa mafia, ya 2001, Livia, mama yake bosi Tony, anapokufa. Mwigizaji wake, Nancy Marchand, alikuwa ameshafariki 2000, kwa hiyo sura yake ikabandikwa kwa kompyuta. Inaonekana wazi, jamani!

Lakini pale Janice, binti yake Livia, anapowalazimisha waombolezaji waseme jambo zuri juu ya marehemu, na watu wanatazama chini tu... Nilikumbuka mazishi ya nyanya yetu kule Siaya. Kipaza sauti kikazunguka. Baba akakohoa. Baba mdogo ghafla akaenda kuangalia ng'ombe. Mwishowe shangazi akasimama: "Mama alijua kukaanga omena." Akaketi. Tulipiga makofi hadi mchungaji akashangaa.