Noti ya Shilingi Mia

Selo yangu, chombo kikubwa cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, ilifika Kisumu imelazwa kwenye viti viwili vya nyuma vya matatu, nami nimevilipia vyote viwili nauli kamili kutoka Nairobi. Ilikuwa Agosti 2014. Nilikuwa nimejifunza chombo hicho miaka sita, na hamu yangu ilikuwa moja tu: watu wa Nyalenda, mtaa ulionilea, wakisikie. Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kibuye miaka yote niliyokuwa shuleni. Sikuona kwa nini muziki ambao omena hizo zilinilipia uwe wa kumbi za Nairobi peke yake.

Kanisa letu likanipa ukumbi Jumamosi alasiri. Mlangoni nikabandika karatasi: zima simu, usitoke kabla ya mwisho, usipige makofi mpaka vipande vyote sita viishe. Niliiandika kwa nia njema kabisa. Ndivyo nilivyofunzwa, kwamba ukimya ndio heshima.

Walikuja watu kama sitini. Akina mama wa soko, vijana wa boda boda walioegesha nje, watoto wengi, na wazee wachache waliokaa mstari wa mbele kama kwenye matanga. Nikaanza kwa maelezo. Nikasema mtunzi Johann Sebastian Bach aliandika suiti sita za selo, yaani mafungu sita ya vipande, mnamo karibu 1720, alipokuwa akimtumikia mwanamfalme wa Köthen, Ujerumani. Nikasema zilikaa miaka mingi bila kupigwa sana, hadi mwaka 1890 kijana wa miaka 13, Pablo Casals, aliyekuja kuwa mpiga selo mashuhuri, alipozikuta kwenye duka la vitu vikuukuu Barcelona. Kisa hicho nakipenda hadi leo, lakini siku ile niliwatajia watu miaka na miji kabla hawajasikia hata noti moja. Watoto wakaanza kuteleza nje mmoja mmoja. Mama mmoja akamnyonyesha mtoto, akasinzia.

Hatimaye nikapiga. Preludi, yaani kipande cha kwanza kati ya sita vya Suiti ya kwanza, ina pau 42, vile vipimo vidogo vya mapigo ambavyo muziki hugawanywa. Ni mkondo wa noti zinazofuatana bila kupumzika, mpaka pau ya 22, ambapo Bach ameweka noti moja ya kushikilia. Mkondo unasimama, unavuta pumzi. Nilipofika pale, upinde ukiwa umetulia juu ya uzi, mzee mmoja wa mstari wa mbele akainuka.

“Nyathina, mtoto wangu, simama hapo!”

Alikuwa ameinua mkono, na mkononi ana noti ya shilingi mia. “Mimi ni mtu wa Seme,” akasema kwa sauti ya kutangaza, “mtoto wa mvuvi aliyevuka ziwa usiku bila taa, mume wa mwanamke ambaye kwake mgeni hajawahi kulala njaa. Nasema sauti hii imenipata!” Akaja taratibu, akaiweka ile mia sakafuni, karibu na mguu wa selo.

Rafiki yangu niliyemweka mlangoni akaharakisha kuja. “Mzee, nyamaza. Huku hatufanyi hivyo.” Mzee akarudi kitini. Akaivua kofia yake, akaiweka gotini, akawa anaitazama.

Yeyote aliyelelewa kando ya ziwa anajua kitu alichofanya. Kinaitwa pakruok. Jathum, yaani mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, akipiga, msikilizaji aliyeguswa humkatiza, hujisifu au kumsifu ampendaye, huacha pesa, kisha muziki huendelea. Hakuna heshima kubwa zaidi ambayo msikilizaji anaweza kumpa mpiga chombo. Nilikuwa nimeiona tangu utotoni, kwenye matanga na harusi. Na bado nilikaa pale na upinde mkononi, nikamwacha mtu anyamazishwe ndani ya mtaa wake kwa sababu ya karatasi niliyoiandika mimi.

Hapo nikaikumbuka barua ambayo mwalimu wangu aliwahi kutusomea. Julai 1778, mtunzi Mozart akiwa Paris alimwandikia baba yake habari za simfoni yake mpya, yaani muziki mrefu wa okestra. Katikati ya sehemu ya kwanza aliweka kifungu alichojua watu watakipenda, na kweli, kilipopita wakapiga makofi papo hapo, muziki ukiwa bado unaenda. Kwa kuwa alijua kitawafurahisha, alikuwa amekirudisha tena mwishoni. Baada ya onyesho akaenda kula aiskrimu na kusali rozari aliyokuwa ameiahidi. Mozart huyo angemtazama mzee wa Seme na kumwelewa mara moja. Ile sheria ya kunyamaza hadi mwisho ilikuja baadaye, na sisi tuliichukua kana kwamba ilizaliwa pamoja na muziki wenyewe.

Nikaweka upinde chini. “Baba,” nikamwambia, “nisamehe. Kosa ni langu.”

Alikaa kimya kidogo. “Jathum akinyamaziwa,” akasema, “hujua watu wamechoka naye. Niliona wewe ni mtoto, nikasema nisikuache ufikiri tumechoka.”

Nikamwomba aje karibu. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa mpiga nyatiti, na alitazama selo kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Yake ina nyuzi nane na uso wa ngozi ya ng'ombe. Hii ina nne, na uso wake ni ubao. Akauliza upinde umefungwa nini. Nikamwambia manyoya ya mkia wa farasi, yaliyopakwa utomvu wa msonobari uliokaushwa ili yashike uzi. Akaunusa. Kisha akaweka kiganja chote ubavuni mwa selo, nami nikauvuta uzi mnene kuliko zote, polepole, kutoka ncha moja ya upinde hadi nyingine. Niliona vidole vyake vikifunguka juu ya ubao.

“Inanguruma kama boti yenye injini ikiwa bado mbali,” akasema.

Watoto waliokuwa nje wakarudi. Kila mmoja alitaka kuweka mkono, na kila mmoja aliuweka.

Ndipo nikawafundisha kitu kimoja tu. Pau nne za mwanzo za Preludi zote zinaegemea noti moja ya chini, G, iliyo kwenye uzi usiobonyezwa. Noti za juu zinahama, ile ya chini haihami. Mzee akasema hiyo anaijua: ni kazi ya oduong'o, pete ya chuma anayovaa kidole gumba cha mguu na kugonga nayo mbao za nyatiti, mikono ikienda kwingine. Nikawaomba ukumbi mzima wavume ile G kwa midomo iliyofungwa, nami nikapiga juu yake. Akina mama waliianza kwa chini. Vijana wakaingia. Ilipofika pau ya tatu, ambapo noti za juu zinajikunja na kusuguana na ile ya chini, msichana mmoja alisema kwa nguvu, “Imebadilika!” Kweli ilikuwa imebadilika. Hiyo ndiyo hamonia, na aliisikia mwenyewe, bila mimi kumtajia jina lake.

Nikaipiga upya yote, nikisimama kila nilipokatizwa. Nilikatizwa mara tatu. Mama muuza chapati aliwasifu watoto wake wanne, wote wamemaliza darasa la nane. Vipande vingine vitano sikuvifikia, na hakuna aliyeviulizia. Karatasi ya mlangoni niliitoa kabla watu hawajatoka.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na nyatiti yake mgongoni. Akaketi kwenye kigoda chake kifupi, akavaa oduong'o na njuga zake za mguuni, akapiga. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Baada ya muda akalegeza mkono, nyuzi zikabaki zinanong'ona, akanitazama mimi. Akangoja.

Ile noti ya shilingi mia bado nilikuwa nayo, nimeikunja ndani ya kasha la selo. Nikainuka, miguu ikitetemeka, nikaenda mbele, nikaanza kwa jina la mama yangu na omena zake.