Taarifa Inayomfikia Mwenye Boti

Kuendesha bandari ndogo ya umma ya maboti ni kazi ambayo nusu yake, kwa maoni yangu, ni kutoa taarifa, kwa sababu mwenye chombo aliye mbali hawezi kuona kamba inayosagika ukingoni mwa gati wala kina kinachopungua kadiri mchanga unavyojaa. Tangazo la kwamba maji yatakuwa machache halimsaidii mtu. Anachohitaji ni kujua kina kitakachobaki mlangoni mwa bandari wakati wa kupwa, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hupwa kuliko kawaida na boti yenye mkuku (uti wa chini ya boti) unaoshuka sana majini hukwama.

Kabla ya dhoruba mimi hupendelea kumpigia simu kila asiyejibu ujumbe, maana ubao wa matangazo husomwa na waliopo tu, na hao aghalabu wameshaliona wingu. Umeme wa gatini ukizimwa kwa matengenezo, saa ya kuuzima na ya kuurudisha zitajwe mapema: pampu inayotoa maji ndani ya boti hutegemea betri, na betri isiyochajiwa huisha. Ada zikipanda, barua moja yenye sababu inatosha.