Hesabu ya Kugawanya

Mjomba mtu kaleta samaki. Mnamjua, hana kawaida ya kuuliza. Tangi la kioo, samaki wa rangi ya chungwa, na kipampu kinachobubujisha maji sebuleni usiku kucha. Watoto wamefurahi, mimi silali. Aliyewahi kufanya kazi wodi ya watoto njiti hawezi kupata usingizi penye sauti ile. Kule ncha ya mpira unaomsaidia mtoto kupumua inazamishwa sentimita tano ndani ya chupa ya maji, na maji yakiacha kububujika unatakiwa uwe umeshafika kitandani.

Basi juzi, usiku wa manane, macho kodo, nikamkumbuka yule mzee wa mipango.

Ilikuwa enzi za fedha za UVIKO, ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa 2021. Majengo ya wagonjwa mahututi yanapanda, mitambo ya oksijeni inashushwa kwenye malori, mashine za kupumulia zinafika zikiwa bado na nailoni. Wachache sisi, wauguzi wengi wetu, pamoja na mtaalamu wa dawa za usingizi na wa fiziotherapia, tukaona huu ndio wakati wa kuomba watu. Tukaandika andiko la kuomba kada ya tiba ya upumuaji: mtu ambaye tangu aingie zamu mpaka atoke, kazi yake ni pumzi za wagonjwa tu. Majedwali ya andiko lile siwachoshi nayo.

Kikao kilikuwa Upanga, Dar es Salaam, na sisi tuliwekwa mwishoni kabisa, baada ya taarifa ya vyoo na kabla ya "mengineyo". Tulikwenda na mtungi mtupu wa oksijeni, wa kuazima, ndani ya bajaji. Dereva alitoza nauli ya mtu wa tatu.

Tulipoitwa, vitumbua vilikuwa vimeisha na kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Mwenzetu akaanza na Marekani: chama chao cha watu wa tiba ya upumuaji kilisajiliwa jimbo la Illinois mwaka 1947, na California ikatangulia majimbo mengine kutunga sheria ya leseni ya kazi hiyo mwaka 1982. Alitaka waone kwamba inawezekana.

"Miaka 35!" sauti ikatoka nyuma. "Mtakuwa mmeshastaafu."

Ikawa zamu yangu. Nikausimamisha mtungi mezani. Nikawaambia, huu mdogo ukijaa una lita 680, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwekewa lita 10 kwa dakika. Nikanyamaza ili wagawanye wenyewe. Mzee wa mipango akatoa simu, akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, wote tunamngoja.

"Sitini na nane."

"Dakika, mzee. Saa moja na dakika nane, umekwisha."

"Na ule mkubwa?"

"Lita 6,800. Ongeza sifuri."

Akavua miwani. "Kwa hiyo, binti yangu, mnaiomba Serikali muundo wa utumishi, ikama, mishahara na pensheni, kwa ajili ya hesabu ya kugawanya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, ungefanyaje?

Sista wetu mkubwa, ambaye vikaoni huwa hasemi kitu, akajibu akiwa amekaa palepale. "Mzee, kugawanya tunajua wote. Saa tisa usiku, muuguzi mmoja, vitanda vimejaa, huyu presha imeshuka, yule kachomoa mpira. Nani anagawanya?"

Kicheko kikakatika. Mzee akaitazama simu yake, akavaa miwani tena, akasema kwa upole kabisa: "Hapo unaomba wauguzi zaidi, Sista. Huombi kada."

Hatukuwa na jibu. Jibu lilikuja tukiwa kwenye bajaji ya kurudi, foleni ya Selander, mtungi magotini: kwamba kumpa mgonjwa hewa ndiyo sehemu nyepesi. Kujua lini upunguze msukumo wa mashine, lini mapafu yake yako tayari kujitegemea, lini utoe mpira bila kuurudisha baada ya saa mbili, hayo hayapatikani kwa kuongeza mikono. Tulipangana maneno vizuri sana, na dereva akatukubalia.

Andiko likarudi na maoni: ainisheni gharama. Tukaainisha. Wengine wakahamishwa, mwingine akaenda masomoni. Kundi la WhatsApp lipo, siku hizi ni la michango ya harusi.

Kuna usiku nampa mzee haki yake. Kisha nakumbuka mashine ikilia kengele na kila mtu anamtazama mwenzake, naichukua tena. Jana nilimpigia Sista, ameshastaafu, nimsikie anasemaje. Akasema angepewa dakika zile tena angeomba wauguzi wa usiku kwanza, halafu ndiyo kada. Nikamuuliza kama hayo si ndiyo aliyosema mzee. Akahamia bei ya chakula cha kuku.