Umeme ukirudi, Kubernetes nayo irudi

Kubernetes ni mfumo wa kuendesha na kusimamia programu kwenye seva nyingi kwa pamoja; jina ni neno la Kigiriki, maana yake nahodha. Google iliweka msimbo wake hadharani mwaka 2014, na sasa mabenki, viwanda na hospitali wanaitumia. Kwa anayefunga klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) yake mwenyewe hapa Dodoma, naona kipimo ni kimoja: umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, mfumo unainuka bila fundi kuamshwa?

Anza na seva za usukani, yaani zinazoongoza klasta. Ziwe 3. Hifadhi ya etcd, inayotunza hali ya klasta nzima, hukubali kuandika pale tu zaidi ya nusu ya seva zake zinapoonana. Ukiwa na 2, ikizimika moja umekwama. Ukiwa na 4, bado unaruhusiwa kupoteza moja tu, sawa na 3. Zisitegemee UPS moja, na ziwe na SSD, kwa sababu etcd haivumilii diski ya polepole.

Linalosumbua zaidi ni hili. Chukua programu ya mizani kwenye ghala la mahindi Kibaigwa. Umeme umerudi, seva zimewaka, intaneti bado. Podi (kontena, yaani programu inayoendeshwa ndani ya Kubernetes) imeganda kwenye `ImagePullBackOff`, yaani imeshindwa kuvuta imeji, ilhali imeji yake (kifurushi cha programu) imo humo humo kwenye diski! Ukifungua faili la maelekezo ya podi unakuta `mizani:latest`, yaani lebo ya "toleo la karibuni". Kwa lebo hiyo Kubernetes yenyewe huweka `imagePullPolicy: Always`: kila kontena inapoanza, lazima kwanza iulize stoo ya imeji, na stoo iko ng'ambo. Andika namba ya toleo, mfano `mizani:1.4.2`, na uandike `IfNotPresent` (vuta pale tu imeji isipokuwepo) waziwazi, maana kubadili lebo peke yake hakubadili sera iliyokwisha kuwekwa. Stoo ndogo ya imeji ndani ya ofisi inasaidia pia, hasa seva mpya inapoongezwa.

Hifadhidata ni habari nyingine. Seva ikizimika, podi zake huanza kuhamishwa baada ya kama dakika 5, lakini hifadhidata kama PostgreSQL iliyofungwa kwenye diski ya seva hiyo haina pa kwenda, itabaki imekwama. Iwe na nakala kwenye seva ya pili.

Vyeti vya usalama vinavyotolewa na kubeadm, zana ya kufungia klasta, huisha baada ya mwaka 1. Vikague kwa `kubeadm certs check-expiration`.

Halafu jaribu Jumamosi, watu wakiwa wametoka: chomoa waya wa intaneti, zima seva zote, ziwashe, na usiguse kitu kwa dakika 15.