Siku yangu na kreti ya vitabu, Gredi ya 8

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Nakaa Likoni, shule ninayofundisha Kiswahili iko kisiwani Mombasa, kwa hiyo siku huanzia kivukoni. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, gharama yake ni kusukumana. Mfukoni nina chakula cha mchana na Taifa Leo ya jana. Gazeti nampelekea mvulana mmoja darasani ambaye vitabu hataki hata kuviona, lakini kurasa za michezo huzimaliza mpaka chini kabisa. Simwambii kwamba huko si kusoma.

Saa moja na nusu. Naitoa kreti kabatini. Ni kreti ya mikate niliyopewa na mwenye duka: humo mna vitabu vya mitumba, majarida, diwani za mashairi, na hadithi za upelelezi zilizochanika majalada. Kitabu cha kutahiniwa hakimo hata kimoja. Mtoto akiona tu maswali nyuma ya sura, mkono hurudi wenyewe.

Saa mbili na dakika ishirini. Kipindi cha Kiswahili ni dakika 40, na 15 za mwanzo ni za kusoma kimya, kila mtu na chaguo lake. Kitabu kikikuchosha, rudisha uchukue kingine. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, ambaye naye alikuwa mwalimu, aliorodhesha mwaka 1992 haki 10 za msomaji, mojawapo ikiwa haki ya kutomaliza kitabu. Watoto waliipokea kwa shangwe. Haki ya kwanza kwenye orodha hiyo, ya kutosoma kabisa, sijawatajia.

Kazi yangu hapo ni kutambua nani anasoma na nani anaigiza. Kuigiza wanakujua sana. Mwigizaji hufunua kurasa kwa mpigo mmoja kama karani wa benki anayehesabu noti, na nikisogea tu, macho yake yananiwahi. Anayesoma kweli hana mpangilio: hapa anakwenda mbio, pale anakwama, anarudi nyuma, anacheka peke yake kisha anaangalia kama kuna aliyemsikia. Baadhi midomo inawacheza, hasa wanaokwenda chuo cha Kurani jioni, ambako wamezoea kusoma kwa sauti. Sina neno na midomo yao.

Leo nimechutama kando ya msichana wa dirishani. Ana hadithi ya upelelezi, kidole kakichomeka kurasa za nyuma.

"Mbona umeshika kule?" namnong'oneza.

"Mwalimu, huyu mlinzi anasema siku ile alikuwa msibani. Lakini kule mwanzo funguo alikuwa nazo yeye." Akafunua kule, akarudi huku. "Muongo huyu."

"Kwa hiyo mwizi ni yeye?"

"Sijui, niache nisome." Ndipo akakumbuka anaongea na nani. "Samahani, mwalimu."

Zoezi la ufahamu nimelitunga miaka mingi, na swali zuri kama lile alilojiuliza mwenyewe sijapata kulitunga.

Saa nne. Chai na mahamri stafurumu. Mwenzangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, ananiuliza hizo dakika 15 nazitoa wapi, na Gredi ya 9 kuna mtihani wa taifa wa KJSEA. Hoja yake ina uzito. Mwaka 2000 jopo la taifa la Marekani kuhusu usomaji lilipitia tafiti likasema hazitoshi kuthibitisha kwamba kusoma kimya bila kuongozwa kunaongeza ufasaha. Lakini halikusema kunadhuru, na hilo "bila kuongozwa" ndilo linalonifanya nizunguke madawatini badala ya kukaa.

"Basi waandike muhtasari, mama, upate ushahidi."

Hapo nakataa katakata. Muhtasari hunakiliwa kutoka jalada la nyuma, na mtoto akishajua atauandika, huchagua kitabu chembamba kuliko vyote. Nani kati yetu humaliza riwaya akaiandikia ripoti?

Saa saba. Wali, maharagwe, joto, insha za kusahihisha.

Saa kumi jioni. Napitia kwa muuza vitabu vya mitumba. Vingi ni vya Kiingereza. Vya Kiswahili ni sungura na fisi, ambavyo wa miaka 13 huona haya kuonwa navyo, au vya mtihani. Hapo katikati, umri ambao wasomaji hupotea, pana pengo. Leo amenitengea viwili vya upelelezi. "Mia mbili, mwalimu wangu." Tumemalizana kwa mia na ishirini, huku akilalamika.

Saa tatu usiku. Nina daftari langu: jina, kitabu, neno moja tu. Sitoi alama. "Anaigiza." "Amebadilisha tena, mtafutie kifupi." Kwa msichana wa dirishani nimeandika niwaonye mapema wale wavulana wawili waliokwisha kukisoma kitabu chake, wasije wakamwambia mwizi ni nani.