Moshi, moshi na MOSHI: herufi kubwa na ndogo kwenye grep

Kwa anayesomea LPIC-1, cheti cha usimamizi wa Linux, lengo la 103.7 lina uzito wa 3 kwenye mtihani wa 101. Linahusu grep (amri ya kutafuta mistari yenye neno fulani), sed (amri ya kuhariri maandishi) na rejeksi (alama za kueleza maandishi unayotafuta). Ndani yake kuna suala la herufi kubwa na ndogo, na wengi hulimaliza kwa sentensi moja: weka -i, inayoifanya grep isijali ukubwa wa herufi, songa mbele. Mimi naona hapo ndipo utamu unapoanzia.

Nafanya kazi ofisi ya mabasi hapa Arusha, ambako kila anayekaa kaunta huandika kwa mtindo wake. Basi nimejitengenezea faili la mazoezi, safari.txt, lenye mistari hii:

Basi la Moshi limeondoka
Injini inatoa moshi
MOSHI - ARUSHA saa 2

Nikiandika grep -i moshi safari.txt, naletewa yote mitatu, pamoja na injini mbovu. Nikiandika grep '[Mm]oshi' safari.txt, ambapo mabano yanamaanisha herufi moja yoyote kati ya zilizomo, mstari wa tatu unabaki nje. Ninachotaka ni mji tu, hata aliyeandika akiwa ameacha Caps Lock:

grep 'M[Oo][Ss][Hh][Ii]' safari.txt

Mstari wa kwanza na wa tatu inatoka, injini inabaki. Hiyo kazi -i peke yake haiwezi, kwa sababu inafuta tofauti ambayo ndiyo naitegemea.

Sasa tuje kwenye [A-Z], yaani herufi yoyote kuanzia A hadi Z, ambayo siipendi. Inaonekana wazi kabisa, lakini maana yake inategemea mpangilio wa lugha wa mfumo (locale). POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inaihakikisha kwenye mpangilio wa C tu, ule wa msingi. Kwingineko haiahidi kitu. Kwenye mifumo ya zamani iliyowekwa en_US, herufi zilipangwa kama kwenye kamusi, a, A, b, B, kwa hiyo [A-Z] iliweza kubeba herufi ndogo ndani yake. Amri ile ile, faili lile lile, mashine mbili, majibu mawili. Ukilazimika kuitumia, tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, ili itumie mpangilio wa C.

Na [A-z] je? Ikimbieni kabisa, wenzangu. Katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, Z ni 90 na a ni 97. Katikati wamekaa sita ambao hawakualikwa: mabano mawili ya mraba, \, ^, _ na `. Kwenye mpangilio wa C unapokea jina linaloanza na _ ukidhani umepata herufi.

Mimi naandika [[:upper:]] kwa herufi kubwa na [[:lower:]] kwa ndogo. Ni ndefu, lakini inasema ninachokusudia. Mabano lazima yawe mawili mawili: la nje ni la seti, la ndani ni sehemu ya jina la kundi. Ukiweka '[:upper:]' peke yake, grep ya GNU inakataa na kukuelekeza namna sahihi.

grep '^[[:upper:]]' safari.txt

Hapo ^ ni mwanzo wa mstari, na inatoka mistari yote mitatu, maana yote inaanza na herufi kubwa.

Kwenye sed ya GNU, kutojali ukubwa wa herufi ni I mwishoni mwa agizo la kubadilisha neno: sed 's/moshi/Moshi/I'. Lakini kwenye grep, -I ni jambo jingine kabisa: inaruka mafaili ya baineri (yasiyo ya maandishi). Vivyo hivyo -l inataja mafaili yenye neno, na -L yale yasiyo nalo. Mtihani una maswali ya kujaza mwenyewe, kwa hiyo zoeeni kuziandika kwa mkono, kila herufi kwa ukubwa wake.