Usiniulize jina la sponji kwa picha ya simu

Watu hunitumia picha za sponji, wale wanyama wa majini wanaojishika mwambani, kutoka Watamu na Kisite kule pwani, nyekundu, njano, zambarau, halafu wananiuliza eti hii ni gani. Sijui bana, niletee kipande. Sponji ya aina moja ikikaa pahali mawimbi yanapiga inatambaa bapa juu ya mwamba, ikipata maji yametulia inasimama inaota matawi, na rangi nayo inabadilika, sasa hapo utashika nini? Mifupa ndiyo inasema ukweli, na mifupa yenyewe ni visindano vidogo sana vinaitwa spikula.

Hapa Kisumu wananicheka, ati bahari iko wapi. Lakini kipande kikavu kinasafiri na basi la usiku bila shida, na kazi yenyewe inataka meza, maikroskopu na Jik, eeh, ile ile ya kufulia. Unakata kipande kisizidi punje ya mahindi, unatia kwa testityubu, unamwaga Jik, povu linapanda, nyama yote inayeyuka na chini linabaki vumbi jeupe. Hapo ndipo wengi wanaharakisha. Usimwage maji haraka, juu spikula ndogo kabisa huchukua muda kutua na ukizimwaga hizo umemwaga ushahidi wenyewe. Acha itulie, ondoa maji ya juu polepole, ongeza mengine safi, rudia mpaka harufu ya Jik iishe, malizia na spiriti, weka tone kwa slaidi likauke.

Spikula kubwa ndizo zinabeba mwili. Iliyochongoka ncha zote mbili ni oksea, iliyochongoka ncha moja ni staili, ikiwa na kichwa cha mviringo basi ni tailostaili. Shida ni kwamba oksea utaipata kwa sponji chungu nzima ambazo hazina undugu wowote, kwa hivyo mimi huamini zaidi zile ndogo: sigma iliyojikunja C au S, asta yenye miale, na chela, hii imepinda na ina meno huku na huku. Ukiona chela tulia, uko kwa oda, yaani kundi kubwa, ya Poecilosclerida, orodha imekatika vizuri sana. Halafu pima nyingi za kila aina, uandike fupi zaidi na ndefu zaidi, si moja uliyoipenda. Na uangalie pia kipande kilichokatwa chembamba bila Jik, juu mpangilio wa spikula ndani ya mwili ni ushahidi mwingine, na sponji zingine humeza mchanga na spikula za jirani zikakudanganya.

Zenye miale sita ni sponji za kioo, za bahari ya kina. Spikula zikitoa povu ukidondosha asidi hizo ni za chokaa, za kundi la Calcarea, juu za silika hazitikisiki. Na kuna zisizo na spikula hata moja! Spongia officinalis ile ya kuogea ina nyuzi tupu, Jik itakula zote ubaki unaangalia maji.

Najua mtaniambia mambo ya DNA. Ni kweli, mwaka wa 2015 Morrow na Cárdenas walipanga upya oda za Demospongiae, kundi lenye sponji nyingi zaidi, juu DNA ilionyesha umbo moja la spikula linaweza kutokea mara mbili kwa koo tofauti, au lipotee kabisa. Sawa, lakini hiyo DNA ukishaipata bado utataka kujua ni ya sponji gani, na maelezo ya spishi zile za zamani yameandikwa kwa spikula, kwa hivyo slaidi yangu bado ina kazi.

Kwanza hata Ziwa Victoria lina sponji, watu hawajui tu. Zinashika chini ya mawe na vyuma vikuukuu, na zingine zinaacha vidonge vigumu vinavyovumilia ukame, vikiwa vimezungukwa na spikula zao za kipekee. Za Ephydatia, aina mojawapo ya sponji hizo za maji baridi, ni kama magurudumu mawili kwenye ekseli moja, ukiziona mara ya kwanza utaita mtu aje aone. Kwa hivyo watu wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu mkipindua jiwe mkute gamba gumu lenye vitundu, nileteeni. Ila msilikwangue na mkono mtupu, zile sindano zinawasha vibaya.